Mtoto wa Jicho, Kisukari na Uvimbe wa Kitovu cha Retina

Kiswahili kina majina ya kale ya maradhi ya macho, na mengi yake yametolewa kwa kulitazama jicho kwa nje. Chongo, makengeza, chamba na mtoto wa jicho ni mambo yaonekanayo na kila asimamaye mbele ya mgonjwa. Ugonjwa ulio nyuma ya jicho haukupata jina, kwa kuwa haukuonekana. Hata Ulaya haukuweza kutazamwa vema katika jicho la mtu aliye hai mpaka Hermann von Helmholtz alipotangaza chombo chake cha kuangazia ndani ya jicho, mwaka 1851. Upungufu huu si jambo dogo. Mwenye kisukari apasuliwapo mtoto wa jicho huweza kuwa na magonjwa mawili katika jicho moja: mmoja una jina, wa pili hauna.

Mtoto wa jicho ni ukungu uingiao katika lenzi, ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni. Kwa mwenye kisukari ukungu huo huelekea kuja mapema kuliko kwa wengine. Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka huondolewa, na mahali pake huwekwa lenzi ya kutengenezwa, kazi iliyoanzishwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949.

Nyuma kabisa iko retina, utando upokeao nuru. Jina hilo hunasibishwa na neno la Kilatini rete, yaani wavu. Kiarabu nacho huiita shabakiya, kutokana na shabaka, ambalo pia ni wavu. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo ambayo kwayo mtu husoma, hutunga uzi katika sindano na kutambua uso wa mwenziwe. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu kuta za mishipa midogo. Mishipa huvuja, na maji yakikusanyika katika sehemu hiyo huivimbisha. Lenzi mpya, hata iwe safi namna gani, haiondoi uvimbe huo. Tena jeraha la upasuaji lenyewe laweza kuzidisha uvujaji wa mishipa iliyokwisha dhoofika. Ndiyo sababu mgonjwa aweza kutoka katika chumba cha upasuaji akiwa hana tena mtoto wa jicho, na bado asiweze kusoma herufi.

Hapo ndipo steroidi hutumiwa. Hizi ni dawa za jamii moja na kotisoni, zipunguzazo uvimbe na uvujaji. Daktari aweza kutia triamsinoloni, mara nyingi miligramu 4, katika ute wa jicho wakati ule ule wa upasuaji. Au aweza kuingiza kijiti cha deksamethasoni cha miligramu 0.7, kiyeyukacho polepole kwa miezi kadhaa. Kwa kuwa dawa hiyo ni kidogo na sehemu kubwa hubaki ndani ya jicho, haipandishi sukari ya damu kama steroidi za kumeza.

Steroidi zina madhara mawili makubwa katika jicho: huleta mtoto wa jicho, na hupandisha presha ya jicho, ambayo ikiachwa huua mshipa wa fahamu wa kuonea. Katika jicho ambalo lenzi yake huondolewa siku hiyo hiyo, dhara la kwanza halina pa kukaa. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2010 ulilidhihirisha jambo hili. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, ranibizumabi, dawa izuiayo kemikali ivujishayo mishipa, ilishinda triamsinoloni. Lakini katika macho yaliyokwisha wekwa lenzi ya kutengenezwa, triamsinoloni pamoja na leza ilikaribia kulingana nayo.

Dhara la pili halikuondoka. Dawa za jamii ya ranibizumabi ndizo hutangulizwa kwa wagonjwa wengi, lakini mwanzoni hudungwa karibu kila mwezi; kwa hiyo steroidi humfaa asiyeweza kurudi mara kwa mara. Hata hivyo huyo naye hana budi kurudi kupimwa presha ya jicho kwa miezi kadhaa. Asiyeweza kurudi kabisa hakufaliwa na njia hata moja.

Haya yote yapasa kuelezwa kabla ya mgonjwa kuridhia, na maneno ni machache. Wataalamu huiita sehemu iliyovimba kwa jina la Kilatini macula, yaani doa. Neno hilo likiandikwa makula, msikiaji atakumbuka kula. Likifasiriwa doa, mgonjwa atadhani doa ndilo ugonjwa, na atataka liondolewe. Kiini cha jicho ni jina la mboni tangu zamani. Kitovu cha retina hutaja mahali bila kutaja kasoro, na kila mtu ajua kitovu ni katikati. Vivyo hivyo presha pekee, katika usemi wa mijini, ni ya damu. Ile ya jicho haina budi kutajwa kwa ukamilifu.

Aliyeambiwa tu kwamba atatolewa mtoto wa jicho huenda nyumbani akingoja kuona. Aliyeambiwa pia kwamba kitovu cha retina kimevimba, na kwamba dawa ipunguzayo uvimbe huo yaweza kupandisha presha ya jicho, ndiye aliyeridhia kwa kujua.