Kiasi na Sahani ya Mtoto



Tunapowafundisha watoto habari za Esau, huwa tunalaumu tumbo lake. Twasahau kwamba alitoka porini hoi kwa njaa, na kwamba ndugu yake ndiye aliyeifanyia biashara njaa hiyo. Leo twaomba wazazi na makatekista wa Igalula na vigango vyake tuitazame upya fadhila ya kiasi, hasa pale inapoanzia, yaani utotoni.

Huko Marekani, mtaalamu Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza katika miaka ya 1960 kuwajaribu watoto wa umri wa miaka minne hivi: mtoto ale kitamu kimoja sasa, au angoje apate viwili. Mwaka 2013 ilitolewa taarifa juu ya 164 kati yao, waliokwisha kuwa watu wazima. Waliongoja zaidi utotoni walikuwa, kwa wastani, na uzito mdogo kulingana na kimo chao. Hata hivyo, mbali na tofauti ya wanaume na wanawake, kungoja kule kulieleza asilimia 4 tu ya tofauti za uzito wao. Basi anayemwona mama mnene kanisani na kumwita mlafi moyoni mwake, ahukumu bila ushahidi.

Tena, katika nyumba zetu nyingi ni msichana anayefundishwa kungoja. Hula baba, hula kaka zake, ndipo yeye na mama yake wakombe chungu. Mvulana huambiwa ale ashibe awe mwanamume. Lakini katika nchi yetu wenye uzito uliozidi ni wanawake zaidi kuliko wanaume. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta hali hiyo kwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Sababu zake ni nyingi. Sisi twasema hili tu: kungojeshwa siyo kiasi. Kiasi ni fadhila ya mtu huru.

Mtoto huipataje? Huko Rochester, Marekani, taarifa ya mwaka 2013 ilieleza jinsi watoto walivyoahidiwa kwanza vifaa vizuri vya kuchorea. Wengine walitimiziwa, wengine wakaambiwa havipo. Ulipofika wakati wa kitamu, waliotimiziwa walingoja kama dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Na huko Kameruni, kati ya watoto wa wakulima wa Kinso, takribani 7 katika kila 10 waliweza kungoja, wakiwapita mbali watoto wa Ujerumani. Umaskini haukuwanyima kiasi.

Wazee wetu wa njia ya misafara wangelielewa jambo hili. Mpagazi aliyevuka Mgunda Mkali aliweza kuigawa posho yake siku kwa siku, kwa kuwa alijua mbele iko Tura, na Tura kuna chakula. Asingekuwa na hakika hiyo, nani angemlaumu kwa kula yote siku ya kwanza?

Basi, ndugu, mama anapoficha matobolwa na kusema "kesho", mtoto ayaone kesho. Na baba aliyeahidi muwa kutoka mnadani, akarudi mikono mitupu bila hata neno la kuomba radhi, jioni ile asimchape mwanawe kwa kudokoa mboga jikoni.