Pochi ya Sarafu za Kidijitali Katika Kivinjari: Uundaji na Usalama Wake

Utangulizi

Kamere ni makazi yaliyo kando ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Wengi wa wakazi wake hutegemea kazi za mashamba ya maua, ilhali wengine huishi kwa uvuvi. Kwao, kama kwa Wakenya wengine, kuweka na kutuma pesa kwa simu si jambo geni tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwezi wa Machi 2007. Hata hivyo, mazoea ya M-Pesa yanaweza kumponza mtu anapoanza kutumia sarafu za kidijitali, kwa kuwa kanuni zake ni tofauti. Makala haya yanafafanua pochi inayoongezwa kwenye kivinjari cha intaneti. Mfano utakaotumiwa ni MetaMask, iliyoanzishwa mwaka 2016.

Dhana ya pochi

Neno "pochi" hapa ni sitiari, na sitiari hiyo ina upungufu. Pochi ya kawaida hutiwa pesa ndani. Hii haina sarafu hata moja. Sarafu zenyewe ni maandishi katika daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, mathalani daftari la Ethereum lililoanza mwaka 2015. Kinachohifadhiwa katika pochi ni ufunguo, yaani namba ndefu ya siri ambayo kwayo mwenyewe huidhinisha uhamisho wa sarafu. Anayeushika ufunguo ndiye anayezitawala sarafu, awe mwenyewe au mwizi.

Mteja wa M-Pesa akisahau namba yake ya siri, huthibitisha kitambulisho chake na kusaidiwa na kampuni. Pochi ya aina hii haina wakala wala ofisi inayoweza kuurejesha ufunguo uliopotea, na uhamisho ukishathibitishwa haubatilishwi. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika sarafu hizi daftari lipo, tena liko wazi kwa wote. Aliyeibiwa huweza kuona mali yake ilikohamishiwa asiweze kuirudisha.

Hatua za kuiunda

Kwanza, mtumiaji aipate programu kutoka tovuti rasmi, akiiandika anwani yake mwenyewe. Matangazo yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji yamewahi kutumiwa na matapeli kuwapeleka watu kwenye pochi bandia.

Pili, achague nywila. Nywila hii huifungua pochi katika kompyuta hiyo moja tu.

Tatu, katika njia ya kawaida ya kuunda pochi mpya, ataonyeshwa maneno 12 ya urejeshi. Maneno hayo huteuliwa kutoka orodha ya maneno 2048, na kwa hayo ufunguo wote huweza kuundwa upya katika kompyuta yoyote, pasipo nywila. Yaandikwe kwa kalamu juu ya karatasi, kwa mpangilio uleule, na karatasi ifichwe mahali salama. Yasipigwe picha wala kutumwa kwa ujumbe.

Hapa msemaji wa Kiswahili anahitaji tahadhari ya ziada. Orodha rasmi zipo kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kijapani, lakini Kiswahili hakimo. MetaMask hutumia orodha ya Kiingereza. Kwa hiyo maneno yanakiliwe herufi kwa herufi. Anayeyatafsiri ili ayakumbuke huenda akajifungia nje ya mali yake.

Nne, majaribio yaanze kwa kiasi kidogo. Kila uhamisho katika Ethereum hulipiwa ada kwa sarafu ya etha, hata kinachotumwa kikiwa sarafu nyingine. Anwani ya mpokeaji ikaguliwe yote, kwani matapeli hutengeneza anwani zinazofanana na halisi mwanzoni na mwishoni.

Usalama katika matumizi

Mkazi asiye na kompyuta yake asiunde pochi katika saiba, maana mashine inayotumiwa na wengi huweza kuwa na programu inayonasa kila kinachoandikwa. Isitoshe, kuunganisha pochi na tovuti ni tofauti na kutoa idhini. Kuunganisha huiwezesha tovuti kuona anwani na salio, ilhali idhini huweza kuiruhusu ichukue sarafu hata siku za baadaye. Idhini isiyoeleweka ikataliwe, na zilizokwisha kazi zifutwe. Anayeomba maneno 12, hata akijiita mhudumu wa wateja, ni tapeli.

Kuhusu sheria, Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi mwezi wa Desemba 2015 kwamba Bitcoin si sarafu halali nchini. Mwaka 2025 Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Sheria hiyo husimamia kampuni. Haiwezi kumrudishia mtu ufunguo alioupoteza.

Hitimisho

Usalama wa pochi hii unategemea pia istilahi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha, kwa kutoa Jambo OpenOffice, kwamba kompyuta huweza kuzungumza Kiswahili. Kazi hiyo haijaisha. Nywila na maneno ya urejeshi yakiitwa kwa jina moja la "maneno ya siri", mfanyakazi wa Kamere huweza kuilinda nywila kwa makini na kuiacha karatasi ya maneno 12 mezani. Nywila ikisahaulika, maneno hayo huirejesha pochi. Karatasi hiyo ikisomwa na mwizi, nywila haitamzuia.