Kuchagua Seva ya Kuhifadhia Taswira za Diski za Kompyuta za Shule

Utangulizi

Chumba cha kompyuta ni zana ya kufundishia kama zilivyo ramani, chati na ubao. Lakini zana hii ina udhaifu wake: virusi, umeme wa kukatikakatika au mkono wa mtoto aliyefuta asichokijua, vyote vyaweza kuiondoa kompyuta kazini kwa muda mfupi. Shule isiyojiandaa hungoja fundi, na wakati huo watoto hugombea mashine chache zilizosalia. Madhumuni ya makala haya ni kumwelekeza mwalimu mwanafunzi namna ya kuchagua seva itakayoiwezesha shule kuzirudisha kompyuta zake kazini bila ya kungoja.

Maana ya maneno

Taswira ya diski ni nakala ya diski kuu nzima ya kompyuta: mfumo wa uendeshaji, programu, mipangilio na mafaili, vyote vikiwa vimefungwa pamoja. Haifanani na nakala ya mafaili tu, kwani mafaili peke yake hayawezi kuiwasha kompyuta. Seva ya mafaili ni kompyuta inayotunza mafaili na kuyatoa kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani. Kazi hii haihitaji intaneti. Programu za bure kama Clonezilla na FOG hutengeneza taswira, huzipeleka kwenye seva na kuzirudisha zinapohitajika.

Mambo ya kuzingatia

(a) Nafasi. Tuchukue mfano wa shule yenye kompyuta 20 za aina moja. Haina haja ya taswira 20. Kompyuta moja hutayarishwa vizuri, ikapigwa taswira, na taswira hiyo ikatumika kwa zote. Aidha, programu tulizozitaja kwa kawaida hunakili sehemu zilizotumika tu na kuzibana. Tukadirie kwamba taswira moja ni gigabaiti 30. Shule ikitunza taswira tatu, yaani ya muhula huu na za mihula miwili iliyopita, itahitaji gigabaiti 90. Diski ya terabaiti 1 itatosha na kusaza.

(b) Mwendo wa mtandao. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kutazama ukubwa wa diski na kuisahau swichi. Swichi ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Taswira ya megabaiti 30,000 itachukua sekunde 2,400, yaani dakika 40: kipindi kizima kwa kompyuta moja! Swichi ya gigabiti 1 hufanya kazi hiyo kwa dakika 4. Hizo ni hesabu za karatasini. Kwa vitendo muda huzidi. Hata hivyo uwiano wake wapasa kutuongoza. Kompyuta zote zikihitaji kurudishwa, itumike njia ya kutangaza, ambayo seva hutuma taswira mara moja nazo kompyuta zote zikaipokea kwa pamoja.

(c) Usalama wa taswira. Diski mbili zaweza kupangwa ziandikwe kwa pamoja, moja ikiwa kioo cha nyingine. Mpango huu huitwa RAID 1. Diski moja ikifa, kazi huendelea. Lakini mpango huu si badala ya nakala ya akiba, maana faili likifutwa hufutwa kwenye diski zote mbili, na mwizi huzibeba zote. Kwa hiyo nakala nyingine iwekwe kwenye diski ya nje na kutunzwa jengo jingine. Diski hiyo isipangwe kwa mfumo wa FAT32, kwani mfumo huo haupokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi.

(d) Umeme na siri. Seva iwe na kifaa cha akiba ya umeme, ili izimwe kwa utaratibu umeme unapokatika. Tena, taswira ya kompyuta ya mwalimu huweza kubeba majina na alama za wanafunzi. Katika Tanzania, taarifa za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Seva iwe na nywila, na chumba chake kifungwe.

Seva ipi inunuliwe?

Kuna kisanduku maalumu cha kuhifadhia mafaili, na kuna kompyuta ya kawaida iliyowekwa Linux na programu ya Samba. Kisanduku hutumia umeme kidogo na ni rahisi kukiendesha, lakini kikiharibika vipuri vyake ni adimu. Kompyuta ya kawaida hula umeme zaidi, ila vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Kwa shule ya mfano wetu, kompyuta ya kawaida yenye tundu la mtandao la gigabiti 1 na diski mbili mpya yatosha. Fedha itakayosalia inunue swichi nzuri.

Hitimisho

Seva ikishawekwa, hapana budi ijaribiwe: rudisha taswira kwenye kompyuta moja, uiwashe, uone kama inafanya kazi. Jaribio hili lirudiwe kila mwanzo wa muhula, kabla watoto hawajaingia chumbani.

Mazoezi

1. Taswira ya gigabaiti 45 itachukua dakika ngapi kupita kwenye swichi ya megabiti 100 kwa sekunde?
2. Jadilini: kwa nini diski mbili za RAID 1 haziondoi haja ya nakala ya akiba?