Baby Peggy: Mtoto aliyelisha watu wazima

Mwaka 1923, katika familia ya Montgomery ya Los Angeles, aliyekuwa na mshahara mkubwa kuliko wote alikuwa binti wa miaka minne. Baba yake alikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake, mama yake alikuwa hai na mzima, lakini nyumba, magari na nguo za watu wote waliokuwa chini ya paa lile vilitokana na jasho la mtoto ambaye umri wa kuanza shule ulikuwa haujamfikia. Jina lake halisi lilikuwa Peggy-Jean Montgomery. Dunia ilimjua kwa jina la Baby Peggy.

Alikuwa mmoja wa nyota wakubwa wa enzi ya sinema bubu, pale picha zilipokuwa zikitembea bila sauti na mpiga piano akiwatumbuiza watazamaji ukumbini. Mkataba aliosainiwa mwaka huo ulitangazwa kuwa na thamani ya dola milioni 1.5 kwa mwaka. Hata hivyo, alipokuwa mkubwa hakukuta akiba yoyote iliyowekwa kwa jina lake. Tunaosoma habari zake leo tuna haki ya kuuliza fedha hizo zilikwenda wapi, na kwa nini hakuna sheria iliyomzuia mtu yeyote kuzitumia.

Mtoto mtiifu

Peggy alizaliwa San Diego, California, tarehe 29 Oktoba 1918. Baba yake, Jack Montgomery, alikuwa kauboi wa kweli kabla ya kuhamia Hollywood. Huko alipata riziki kwa kupanda farasi na kuanguka mbele ya kamera kwa niaba ya nyota kama Tom Mix, ambao nyuso zao zilikuwa na thamani kubwa mno kuhatarishwa.

Peggy alikuwa na miezi 19 mama yake alipombeba kwenda kutembelea Studio za Century, zilizokuwa Sunset Boulevard. Studio hizo zilijulikana kwa vichekesho vifupi vya watoto na wanyama. Mwongozaji Fred Fishback alimtazama mtoto yule aliyetulia mahali alipoambiwa akae, asilie wala asizurure, akaona amepata alichokuwa akikitafuta. Akampanga pamoja na mbwa maarufu wa studio aliyeitwa Brownie katika filamu fupi ya Playmates ya mwaka 1921. Filamu ilipendwa, na Peggy akapewa mkataba wa muda mrefu.

Utulivu ule haukutokea kwa bahati. Jack Montgomery aliamini kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na alimkunja binti yake kweli kweli. Alimzoeza kulia, kucheka na kuogopa kwa amri. Watu walipomsifu Peggy kwa kipaji, baba alijibu kwamba hakuna kipaji pale, kuna utii tu. Mtoto alilelewa akiamini kuwa yote aliyoyafanya vizuri yalikuwa ya baba yake, na imani hiyo ilimchukua miaka mingi kuing'oa.

Saa nane kwa siku

Kati ya mwaka 1921 na 1924 Peggy alicheza katika filamu fupi zinazokadiriwa kufikia 150. Alifanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Nyingi ya filamu hizo zilikuwa za kuwaigiza watu wazima kwa dhihaka. Mtoto mwenye nywele fupi nyeusi zilizokatwa usawa wa paji la uso aliwaiga nyota wa wakati ule kama Rudolph Valentino na Pola Negri, na watazamaji wakavunjika mbavu. Nyingine zilitokana na hadithi za watoto, kama ile ya msichana mwenye kofia nyekundu na ile ya Hansel na Gretel.

Kilichomfurahisha mtazamaji mara nyingi kilikuwa hatari kwa mtoto. Wakati wa kupiga Sea Shore Shapes alishikiliwa chini ya maji baharini mpaka akazirai. Kwa ajili ya Miles of Smiles alisafirishwa chini ya behewa la treni. Siku nyingine alirushwa kutoka kwenye gari lililokuwa likienda kasi. Katika The Darling of New York, filamu yake ndefu ya mwaka 1923, aliachwa ndani ya chumba kilichokuwa kinawaka moto kweli, akajiokoa peke yake. Tena alishuhudia wanyama wakitendewa ukatili studioni, na siku moja akamwona mfunzaji wa tembo akipondwa na mnyama wake hadi kufa. Hakuwepo mtu aliyefikiri kwamba macho ya mtoto yalistahili kukingwa.

Baba aliyejua vizuri maumivu ya kuanguka kutoka juu ya farasi ndiye aliyekuwa pembeni ya kamera akitoa amri. Kwa mtu wa kazi yake, kuumia kulikuwa sehemu ya mshahara. Kasoro ni kwamba safari hii aliyeumia alikuwa mwingine, na mshahara ulikuwa wake yeye.

Mwanasesere na mwanasiasa

Mtayarishaji Sol Lesser alipomchukua, Peggy aliachana na filamu fupi na kuingia kwenye filamu ndefu zenye bajeti kubwa. Katika Captain January ya mwaka 1924 alikuwa yatima aliyeokolewa baharini na kulelewa na mzee mlinzi wa mnara wa taa. Mwaka huo huo alicheza Helen's Babies pamoja na waigizaji Edward Everett Horton na Clara Bow, msichana ambaye baada ya muda mfupi angekuwa nyota mkubwa kupindukia.

Sura yake iliuza kila kitu. Kulikuwa na wanasesere wa Baby Peggy, vito vya Baby Peggy na karatasi za muziki zenye picha ya Baby Peggy. Judy Garland, ambaye naye angekuja kuwa mwimbaji na mwigizaji mkubwa, alikuwa na mwanasesere wa Peggy utotoni. Mwaka 1924 Chama cha Democratic kilipokutana New York kumteua mgombea wake wa urais, Peggy alialikwa kuwa pambo la mkutano, akasimama jukwaani karibu na Franklin D. Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani miaka tisa baadaye.

Kisha mambo yakaharibika ghafla. Mwaka 1925 Jack Montgomery aligombana na Lesser kuhusu malipo. Mkataba ukavunjwa, na milango ya studio ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Peggy alikuwa hata hajafikisha miaka saba, na tayari alikuwa mtu ambaye zamani zake zilikuwa bora kuliko sasa yake. Ukiacha nafasi ndogo katika April Fool ya mwaka 1926, enzi yake kwenye sinema bubu ilikuwa imekwisha.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ya Montgomery haikuwa na daftari. Wazazi walitumia pesa kwa magari ya fahari, nyumba na mavazi, kana kwamba kisima kile hakingekauka. Sehemu nyingine ilipotelea mikononi mwa jamaa wa familia aliyeaminiwa kuzisimamia. Kwa elimu ya Peggy na dada yake mkubwa, Louise, haikutengwa hata senti.

Sinema ilipomkataa, baba alimpeleka kwenye vodevili, maonyesho ya jukwaani yenye nyimbo, vichekesho na mazingaombwe yaliyokuwa yakizunguka mji hadi mji. Kwa miaka kadhaa Peggy alilala kwenye treni na hoteli, akipanda jukwaani akiwa anaumwa au mzima. Pesa zikarudi. Safari hii wazazi walizitia kwenye shamba la mifugo jimboni Wyoming. Soko la hisa la New York lilipoporomoka mwaka 1929, shamba nalo likaenda.

Familia ikarudi Hollywood mikono mitupu. Sinema zilikuwa zimeanza kusema, na nyota wapya walikuwa wengine. Baba, mama na binti walipanga foleni kutafuta kazi za kupita nyuma ya waigizaji wakuu, zile za malipo ya siku. Peggy, ambaye jina lake lilikuwa likiandikwa kwa herufi kubwa kwenye milango ya kumbi, sasa alikuwa sura isiyo na jina katikati ya umati. Mwaka 1936 Captain January ilitengenezwa upya, na nafasi aliyokuwa ameicheza yeye akapewa mtoto mwingine, Shirley Temple.

Sheria iliyochelewa

Peggy hakuwa peke yake. Jackie Coogan, aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921, alikuwa mwenzake wa rika na mpinzani wake wa sokoni. Utotoni Coogan aliingiza dola zinazokadiriwa kuwa milioni tatu hadi nne. Alipokuwa mtu mzima aliomba chake, akaambiwa hana chake, kwa kuwa sheria ya California iliyahesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya mzazi. Mwaka 1938 alimshtaki mama yake mzazi pamoja na baba yake wa kambo. Kesi ilipomalizika aliambulia dola 126,000 tu.

Aibu ya kesi hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1939, ambayo hadi leo huitwa Sheria ya Coogan. Iliruhusu mahakama kuagiza sehemu ya mapato ya mtoto msanii iwekwe kwenye amana. Lakini ilikuwa na matundu mengi, kwani ilihusu mikataba iliyopelekwa mahakamani tu, na watayarishaji wengi hawakuipeleka. Shirley Temple mwenyewe, aliyeingiza zaidi ya dola milioni tatu, aliandika kuwa alipokuwa mkubwa alikuta zimebaki takriban dola 44,000. Ni marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2000 yaliyotamka wazi kuwa mapato ya mtoto ni mali ya mtoto, na kumtaka mwajiri aweke asilimia 15 kwenye amana moja kwa moja.

Kwa Peggy haya yote yalikuja baada ya karamu kuliwa. Hakumshtaki mtu. Alichofanya ni kujificha. Aliacha uigizaji, akaingia Ukatoliki, akabadili jina na kujiita Diana Serra. Baada ya ndoa ya kwanza kuvunjika, mwaka 1954 aliolewa na mchoraji Robert Cary, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Kwa miaka mingi hakutaka kabisa kusikia mtu akimtaja Baby Peggy.

Kalamu ikawa mkombozi

Kilichomtoa mafichoni kilikuwa kuandika. Mwaka 1975 alitoa The Hollywood Posse, kitabu kuhusu makauboi wa sinema kama baba yake. Miaka mitatu baadaye akatoa Hollywood's Children, kinachoeleza maisha ya watoto waliofanyishwa kazi na tasnia hiyo. Mwaka 1996, akiwa na miaka 77, aliandika maisha yake mwenyewe, na mwaka 2003 akaandika ya Jackie Coogan. Aliungana pia na waigizaji wa zamani waliokuwa wakidai ulinzi bora kwa watoto wanaofanya kazi mbele ya kamera.

Filamu zake nyingi hazipo tena. Utepe wa picha wa enzi ile ulitengenezwa kwa naitreti, inayowaka kwa urahisi na kuoza ikihifadhiwa vibaya, na moto ulioteketeza Studio za Century mwaka 1926 ulimeza sehemu kubwa ya kazi yake. Chache zimeokotwa ughaibuni. Mwaka 2016 filamu yake fupi ya Our Pet, iliyodhaniwa kupotea, ilipatikana Japani. Mwaka 2012 mwongozaji Vera Iwerebor alitoa filamu ya maisha ya Peggy, na watazamaji wapya wakamwona bibi kizee akizungumza bila chuki kuhusu wazazi waliokula utoto wake.

Diana Serra Cary alifariki dunia tarehe 24 Februari 2020 mjini Gustine, California, akiwa na miaka 101. Wengi walimwita nyota wa mwisho wa sinema bubu.

Miaka minne baada ya kifo chake, jimbo la Illinois lilianza kutekeleza sheria inayowataka wazazi wanaopata pesa kwa kuwaonyesha watoto wao mitandaoni wawatengee sehemu ya mapato hayo. California ikapitisha ya kwake mwaka huo huo. Yaani ilichukua zaidi ya karne moja tangu Peggy aingie studio kwa sheria kukubali kwamba mtoto anayechekesha watu kwa faida ya wengine yuko kazini, hata kama kazi hiyo inafanyika sebuleni.

Siku hizi haihitajiki studio. Simu moja inatosha, na mzazi ndiye mwongozaji, mtayarishaji na mshika fedha. Kwa hiyo, mzazi unayemrekodi mwanao akicheza au akiimba, na matangazo yakaanza kukuletea chochote, mfungulie akaunti yake leo na uweke daftari. Akisema amechoka, zima kamera. Na siku atakapokuwa mkubwa, asikute una deni la kumweleza ulikuwa wapi utoto wake ulipokuwa ukiuzwa. Akute hesabu kamili, iliyoandikwa kwa mkono wako.