Usiku wa dansi uliomrudishia mama tabasamu

Newala. Ilikuwa saa tatu usiku, Jumamosi moja ya msimu wa korosho. Mama wa watoto watatu alisimama mlangoni kwake akiwa amevaa gauni ambalo hakuligusa kwa karibu miaka miwili. Mwanawe wa miezi minane alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, na nje bodaboda mbili zilikuwa zinasubiri. Akageuka, akasema haendi tena.

“Nenda, mwanangu. Mimi nimelea saba, huyu mmoja hatanishinda,” mama yake alimjibu.

Akaenda. Bendi ya dansi aliyoipenda tangu utotoni ilikuwa imetoka Dar es Salaam kuja kupiga kwenye gesti moja ya kijijini, nje ya mji, upande ambao uwanda wa Makonde unakatika ghafla na kushuka hadi bonde la Mto Ruvuma. Mumewe alikuwa amelipa bodaboda mbili kwa sababu hakutaka wapande mshikaki gizani.

Mama huyo mwenye miaka 31, mkulima wa korosho na fundi cherehani, ameomba yeye, bendi na gesti visitajwe kwa majina. Newala ni mji mdogo na watu wanajuana. Lakini amekubali kusimulia, kwa sababu anaamini wapo mama wengine wanaopita alikopita.

Miezi ya giza

Mtoto wake wa tatu alizaliwa salama. Shida ilianza wiki kadhaa baadaye. Usiku mtoto analala, yeye macho wazi. Chakula hakipiti. Cherehani ikashika vumbi. Mtoto akilia, alimnyonyesha bila kumtazama usoni, kisha akajilaumu kwa hilo siku nzima.

Majirani walisema ana mawazo. Wengine walisema amechezewa. Mumewe alidhani amemkosea jambo, naye akanyamaza. Nyumba ikawa na watu wazima wawili wasiozungumza.

Siku ya kliniki, muuguzi alipomaliza kumpima mtoto uzito, aliuliza swali moja zaidi: “Na wewe mama, unalalaje?” Mama huyo alilia mpaka foleni nzima ikageuka. Alimweleza muuguzi kwamba kuna asubuhi alitamani asiamke. Hakurudishwa nyumbani hivi hivi. Alipelekwa hospitali, akaambiwa ana sonona ya baada ya kujifungua, akaanza matibabu na ushauri nasaha. Safari ya pili mumewe alikwenda naye.

Hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa asilimia 13 ya wanawake waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea, kiwango hicho ni asilimia 19.8, yaani karibu mama mmoja kati ya watano.

Bendi ya redio ya baba

Katika ushauri aliulizwa ni kitu gani kilikuwa kinampa raha zamani. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akataja redio ya marehemu baba yake.

Baba huyo alikuwa mtu wa dansi. Betri zikiisha nguvu alizianika juani ili apate jioni moja zaidi. Enzi hizo bendi zilirekodi nyimbo zao Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa redio hiyo familia ya kijijini Newala iliwajua waimbaji wa mjini bila kuwaona. Nyumba nyingi ziligawanyika kati ya Msondo, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park, “Sikinde”, iliyoanza mwaka 1978. Ya kwao pia ilikuwa na bendi yake, na watoto walijua kila wimbo kwa moyo.

Hivyo malipo ya mnada wa korosho yalipoingia benki, na habari zikaenea kwamba bendi ile inakuja, mumewe alileta wazo. Yeye ndiye aliyepinga. Fedha zilikuwa na kazi ya mabati. Na watu watasemaje, mama mwenye mtoto mdogo kwenda dansi?

“Nilimwambia mabati yatasubiri mnada wa pili,” anasema mumewe. “Yeye nilikuwa nimemsubiri miezi minane.”

Saa sita usiku

Ukumbi ulikuwa uwanja wa nyuma wa gesti, umezungushiwa makuti, na jenereta ikinguruma kando. Hewa ilinukia mabibo. Upepo wa Newala usiku ni baridi, na watu wengi walicheza wakiwa na masweta. Yeye alikaa meza ya mbali na spika, soda mkononi, akiangalia simu kila baada ya dakika tano. Mtandao hakuna.

Saa sita maziwa yalimjaa hadi yakauma. Mumewe alikuwa amekodi chumba cha kupumzikia, akaingia humo kukamua. Mume akapanda kichuguu kando ya barabara kutafuta mtandao. Alirudi na ujumbe wa bibi: mtoto alikunywa maziwa ya kukamuliwa kwa kikombe saa tano, kala na uji kidogo, kalala, msinisumbue.

Ndipo alipocheka. Mumewe anasema hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu kabla ya mtoto kuzaliwa.

Walipotoka nje, bendi ilikuwa imeanza wimbo ambao baba yake alikuwa akiongeza sauti ya redio kila ukipigwa. Dansi lina mwendo wake. Kwanza waimbaji husimulia taratibu, kama watu wanaoshauriana barazani. Kisha huja chemko, gitaa la solo na tarumbeta zinashika mbele, na aliyekaa hujikuta amesimama. Alisimama. Alicheza akilia, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa gizani machozi na jasho ni kitu kimoja.

Saa kumi alfajiri walikuwa nyumbani. Mtoto alipoamka kunyonya, mama alimtazama usoni.

Muziki si dawa peke yake

Mama huyo anasisitiza kwamba bendi haikumponya. Kilichomponya ni kusema ukweli mbele ya muuguzi, matibabu, na miezi ya kuhudhuria ushauri bila kukosa. Usiku ule ulimwonyesha tu kwamba furaha yake haijafa.

Utafiti nao unaelekea huko. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Psychiatry lilichapisha matokeo ya utafiti wa London uliohusisha mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua. Wenye dalili za wastani hadi kali waliokutana kuimba kwa kikundi kwa wiki 10 walipata nafuu haraka kuliko waliopata huduma za kawaida pekee. Bibi zetu walioimba wakitwanga hawangeshangaa.

Kabla hamjatoka

Wazazi wanaotaka usiku wao wenyewe wazingatie haya:

Mwachieni mtoto mtu mzima mnayemwamini, si mtoto mwenzake. Mpeni namba ya simu ya jirani na ya bodaboda mnayemfahamu.

Maziwa ya kukamuliwa hukaa hadi saa nne kwenye joto la kawaida lisilozidi nyuzi 25. Yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Msimpeleke mtoto mchanga kwenye muziki mkubwa. Kwa mujibu wa WHO, sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 100 ni dakika 20 tu. Hata mtu mzima akae mbali na spika na atoke nje mara kwa mara.

Aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto.

Na mama akikosa usingizi, hamu ya kula au hamu ya mtoto wake kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe kituo cha afya. Akisema anatamani kufa au kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Mabati yalipauliwa baada ya mnada wa pili. Cherehani imerudi barazani, na kando yake kuna redio ndogo. Mtoto, ambaye sasa anatambaa, akisikia tarumbeta huacha kila kitu na kutikisa mabega. Bibi yake anasema huyo kamfuata babu.