Je, Wajua? Injini ya Mashine ya Nyasi Huharibikia Stoo

Katika nyua za Kinondoni na Temeke nyasi hukua kwa kasi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kisha kiangazi kinapoingia mashine ya kukatia nyasi huwekwa stoo ikiwa na petroli tangini. Petroli hiyo huanza kuharibika baada ya mwezi mmoja hivi, ikaacha utando wa kunata ndani ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, na kuziba tundu lisilofikia upana wa milimita 1. Dalili yake ni bayana: injini huwaka, lakini mlio wake hupanda na kushuka, na hutulia pale tu choki, yaani kilango cha kupunguza hewa, inapofungwa kidogo. Moshi mweusi huashiria kinyume chake, kwamba hewa haitoshi, na aghalabu chujio limejaa vumbi. Plagi, ambayo hutoa cheche, hulaumiwa mapema mno. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, uchomaji ni mzuri. Waya wake sharti uchomolewe kabla ya mkono kugusa kisu, kwa kuwa kukizungusha kunaweza kuiwasha injini.