Moto Unaowashwa Ndani ya Uvimbe

Habari ya harara kuidhoofisha saratani si ngeni kwa matabibu, kwani mnamo mwaka 1866 Wilhelm Busch, tabibu mpasuaji wa mji wa Bonn, Ujerumani, alieleza jinsi uvimbe usoni mwa mgonjwa ulivyonywea baada ya mgonjwa huyo kushikwa na maradhi ya ngozi yaliyompandishia homa kali. Taabu iliyobaki, nayo imewashughulisha wataalamu zaidi ya karne nzima, ni namna ya kulifikisha joto hilo ndani ya uvimbe pasipo kuiunguza nyama salama inayouzunguka.

Mwaka 1957, huko Chicago, Gilchrist na wenziwe walijaribu kwa mbwa kupenyeza vumbi laini la oksidi ya chuma hadi kwenye tezi za limfu, ambako saratani ya utumbo hupenda kujificha, kisha wakalipasha moto kwa nguvu ya sumaku iliyotoka nje ya mwili. Fikra hiyo iliendelezwa mjini Berlin, katika hospitali ya Charité, na Andreas Jordan na wenziwe, wakapata kiowevu cheusi mithili ya wino wa ngisi, ambacho chembe zake zina kiini cha nanomita 12 hivi, yaani hata ukizipanga safu chembe 80,000 hupati milimita moja kamili.

Kiowevu hicho hudungwa kwa sindano ndani ya uvimbe wenyewe; na mgonjwa anapowekwa katika uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 kwa kila sekunde, usumaku wa chembe hulazimika kugeuka pamoja nao, na kule kusitasita kwake katika kuufuata ndiko kunakozaa joto. Uvimbe ufikapo nyuzi 43 hivi za sentigredi, protini za seli huharibika, na seli zilizojeruhiwa kwa mionzi hushindwa kujiganga; ndiyo maana tiba hizi mbili aghalabu huenda sanjari.

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 59 waliorudiwa na glioblastoma, saratani kali mno ya ubongo: nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13 tangu maradhi yaliporejea. Ni faraja kubwa kwa maradhi yasiyo na huruma kama hayo. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganishia, nami siwezi kuthubutu kuiita shifaa. Tena mgonjwa huondolewa kwanza metali iliyozibia meno yake, isije ikapata moto kinywani, na tiba ikiisha chuma husalia kichwani, kikaitia giza picha ya MRI, hata tabibu anayetaka kuuchungulia uvimbe ule akawa hana budi kurejea eksirei za CT.